Paulo Freire na Somo la Tofali

Wanachama wenzangu, Paulo Freire mnamjua? Alizaliwa Recife, Brazili, mwaka wa 1921, akaonja njaa utotoni. Alisomea sheria, akaiacha, akafundisha Kireno. Mwaka wa 1963 kule Angicos, watu wazima wapatao 300 walifunzwa kusoma kwa saa 40 tu! Siyo kwa kukariri a, e, i, o, u. Mlitazama picha, mkaongea kwanza. Tofali, kwa mfano: nani kalifyatua, na nyumba ikawa ya nani? Ndipo neno lao, tijolo, likakatwa silabi: ti-jo-lo. Kumbe wakati huo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, kwa hivyo wakubwa walishtuka. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka wa 1964 walimfunga siku 70. Akaishi uhamishoni, akarudi kwao mwaka wa 1980, akafariki mwaka wa 1997.