Srinivasa Ramanujan na Hesabu Zisizo na Kikomo

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya hekalu letu, kinachosomwa na waumini pamoja na majirani zetu wa Lumemo, tumependa kusimulia maisha ya mwanahisabati Srinivasa Ramanujan. Alizaliwa tarehe 22 Desemba 1887 mjini Erode, kusini mwa India, akakulia Kumbakonam, jirani na hekalu la Sarangapani. Humo Vishnu amejilaza juu ya nyoka Ananta, jina lenye maana ya asiye na mwisho. Baba yake alikuwa karani wa duka la sari. Mama yake aliimba bhajan hekaluni.

Husimuliwa kwamba siku moja mwalimu alifundisha kuwa ndizi 3 wakigawiwa watoto 3, kila mmoja hupata 1, na kwamba namba yoyote ikigawanywa kwa yenyewe jibu ni 1. Ramanujan akauliza kama bila ndizi na bila watoto kila mmoja angepata 1 pia. Swali hilo si mzaha. Sifuri kwa sifuri haina jibu moja, na anayeliona hilo utotoni ameshafika mlangoni pa mambo yasiyo na kikomo.

Wengi wetu hudhani kisicho na kikomo ni kitu kikubwa mno tu. Tumfikirie mtu atokaye Lumemo kwenda Ifakara mjini: aende nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya hiyo tena. Vipande havina mwisho, lakini jumla yake haizidi safari moja. Ramanujan aliishi ndani ya hesabu za namna hii. Mwaka 1911, katika jarida la wanahisabati wa India, aliuliza thamani ya vipeuo vya pili vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine pasipo ukomo. Hakuna aliyejibu, akajibu mwenyewe: ni 3.

Wakati huo alikuwa maskini. Alishindwa mitihani ya chuo kwa kuwa hakusoma kingine ila hisabati, na kwa ughali wa karatasi alikokotoa juu ya kibao na kufuta kwa kiwiko. Akiwa karani wa bandari ya Madras, kwa pauni 20 kwa mwaka, alimwandikia G. H. Hardy wa Cambridge mnamo Januari 1913. Hardy alitambua kipaji, akamwita.

Kuvuka bahari kulikatazwa na mila ya Wabrahmini wenzake. Yasemwa mama yake aliridhia baada ya kuota ndoto ya Namagiri, mungu wa kike wa familia yao. Akasafiri Machi 1914. Huko Hardy alimdai uthibitisho, na kwa maoni yetu alifanya haki, kwani kuhusu namba tasa Ramanujan alikuwa amekosea. Pamoja walitafuta njia za kugawa namba. Magunia 4 ya mpunga hupangwa mafungu kwa njia 5 tu. Magunia 200, kwa njia 3,972,999,029,388. Kanuni yao, kwa hatua 8 tu, ilitofautiana na jibu hilo kwa sehemu 4 za elfu.

Rafiki yake Mahalanobis alieleza kwamba Ramanujan aliiona sifuri kuwa alama ya Brahman asiye na sifa, na kisicho na kikomo kuwa jumla ya yote yawezayo kuwapo. Vikizidishwa, namba zote huzaliwa. Tusiichukue kama kanuni ya darasani. Ilikuwa tafakuri ya mtu aliyejipikia chakula kisicho na nyama, peke yake, katika baridi na uhaba wa vita.

Aliugua. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na 1919 akarudi nyumbani amekonda. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920, akiwa na miaka 32. Baadhi ya jamaa hawakufika mazishini, kwa kuwa alivuka bahari na hakutakaswa. Mkewe Janaki, aliyemuuguza, alisimulia kuwa aliandika hesabu hadi siku zake za mwisho. Karatasi hizo zilipotea machoni pa watu hadi mwaka 1976, zilipokutwa katika maktaba ya Chuo cha Trinity, Cambridge, na wanahisabati wangali wanazifanyia kazi.