Maisha ya Charles Darwin

Wanafunzi wenzetu, jina hili linatugombanisha kila somo la biolojia. Basi tumjue kwanza mtu mwenyewe.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Baba yake, daktari, alimtuma kusoma udaktari. Akakimbia, hakuvumilia kuona watu wanapasuliwa bila dawa ya usingizi. Akapelekwa Cambridge ili awe mchungaji. Kumbe akili yake iko kwa wadudu! Mwaka 1831 akapanda meli Beagle, akazunguka dunia karibu miaka mitano.

Mwaka 1838 akafahamu hivi: viumbe huzaa wengi kuliko chakula, tena hawafanani. Mwenye kitu kidogo cha kumsaidia ndiye anaishi, anakirithisha watoto. Katika ziwa letu Tanganyika kuna samaki wenye kula magamba ya wenzao, midomo imepinda, wengine kushoto, wengine kuume. Wa kushoto wakizidi, wanaowindwa wanalinda ubavu unaoshambuliwa na hao. Wa kuume wanashiba, wanazaa sana. Kisha inageuka.

Miaka 20 hakulichapa wazo lake. Mke wake Emma, mwamini, aliogopa watatengana milele. Barua ya Wallace ya 1858, yenye wazo lile lile, ikamshtua. 1859 akatoa kitabu. Alikufa 1882, akazikwa ndani ya kanisa la Westminster.