Kelvin na Hesabu ya Mwisho wa Dunia

Wanachuo wenzangu, mwaka wa pili nilijikuta na sapu tatu na karatasi moja ya hesabu. Umeme ulikuwa umekatika hosteli, nikawa natumia tochi ya simu kupiga wastani wangu. Kila nilivyozungusha, jibu lilikuwa lilelile: nadisko. Asubuhi nikaanza kufungasha. Nikabeba vitabu vya maktaba nikavirudishe, nisije nikadaiwa nikiwa nimeshaondoka.

Kimoja kilikuwa cha themodinamiki. Foleni ilikuwa ndefu, nikakifungua tu kupoteza muda, nikakuta habari za mzee ambaye herufi yake ya K nilikuwa naiandika maabara kila wiki bila kumjua. Sikukirudisha siku ile. Naomba niwasimulie habari zake.

Aliitwa William Thomson, alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1824. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati, na alipopata uprofesa Glasgow, Uskoti, akahama na watoto wake wote. William akaandikishwa pale chuoni mwaka 1834 akiwa na miaka kumi. Ndiyo, kumi, umri wa mtoto wa darasa la nne! Baadaye akaenda Cambridge, na mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akarudi Glasgow kama profesa. Alifundisha hapo miaka 53. Aliwatengenezea wanafunzi wake maabara katika chumba kilichokuwa stoo ya mvinyo, wakati vyuo vingi vya Uingereza vilikuwa vinafundisha fizikia kwa ubao na maneno matupu.

Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha joto kinachoanzia pale ambapo hakuna baridi zaidi, kiasi cha nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hiyo ndiyo K yetu. Lakini kilichonishika mimi ni makala fupi aliyoichapisha mwaka 1852 kuhusu nishati kutawanyika.

Chukua kikombe cha chai ya kantini. Ukikiacha mezani kitapoa. Joto lake halikupotea, limesambaa chumbani, ila huwezi tena kulikusanya ukachemshia chai nyingine. Thomson aliona kwamba kila mashine, kila moto na kila kiumbe kinafanya hivyohivyo. Akasema kuna wakati dunia haikufaa kukaliwa na watu, na utakuja wakati haitafaa tena. Baadaye yeye na Mjerumani Helmholtz wakalitazama jambo hilo kwa upana wa ulimwengu wote: mwisho wake ni kila kitu kuwa na joto moja, na hapo hakuna kinachoweza kutendeka. Wanasayansi wanaita kifo cha joto. Hakuna mlipuko wala moto, ni chai iliyopoa tu.

Mwaka 1862 akataka kujua lini. Akaanza na jua. Wakati ule hakuna aliyejua linawaka kwa nini. Makaa ya mawe yasingetosha, hata jua lote lingekuwa makaa lingekwisha katika miaka elfu chache. Thomson akachukua wazo la Helmholtz kwamba jua linajikunyata kwa uzito wake, na kujikunyata huko ndiko kunatoa joto. Akapata kwamba jua pengine halijaimulika dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100, na kwamba wakazi wa dunia wasitegemee kuota joto lake kwa mamilioni mengi yajayo.

Halafu akaigeukia dunia yenyewe. Wachimbaji wa migodi walijua kwamba ukishuka chini joto linapanda, karibu nyuzi moja kila mita 30. Thomson akasema basi dunia ni mpira wa mwamba uliokuwa wa moto na sasa unapoa. Jibu likaja kati ya miaka milioni 20 na milioni 400. Jinsi alivyozidi kuzeeka akaivuta namba hiyo chini, hadi mwaka 1897 alipoiweka kati ya milioni 20 na 40.

Namba hizo ziliumiza watu. Wanajiolojia walikuwa wanasoma tabaka za miamba zilizohitaji muda mrefu sana kujijenga. Charles Darwin alihitaji muda mrefu ili viumbe wabadilike kidogokidogo, na hoja ya Thomson ilimsumbua mno. Amefariki mwaka 1882 bila kupata jibu lake. Angejibu nini? Upande wa pili alikuwepo mtu aliyesaidia kufanikisha waya wa simu ya maandishi chini ya bahari ya Atlantiki mwaka 1866, akapewa heshima ya ‘Sir’, na mwaka 1892 akawa Lord Kelvin, jina la mto unaopita karibu na chuo chake. Mtu wa namna hiyo akikuambia hesabu ndiyo hii, wewe na mawe yako unanyamaza.

Mwaka 1895 akajitokeza John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Perry hakugusa hesabu ya mzee, aligusa dhana yake. Kelvin aliichukulia dunia kama kiazi kilichochemshwa, kigumu mpaka ndani, joto linatoka kwa kujipenyeza polepole. Perry akasema labda ndani iko zaidi kama uji kwenye sufuria, ule wa chini unapanda juu na joto linasafiri vizuri zaidi. Ukiruhusu hilo, umri wa dunia unaweza kufika mabilioni. Lakini Kelvin aliendelea kushikilia umri mfupi.

Mwaka uliofuata, Ufaransa, Becquerel akagundua mionzi inayotoka yenyewe kwenye urani. Ikaja kuonekana kwamba ndani ya mawe kuna chanzo cha joto ambacho hakuna aliyekuwa na habari nacho. Mwaka 1904, London, Rutherford, kijana kutoka New Zealand, alisimama kutoa mhadhara juu ya jambo hilo, akamwona Kelvin amekaa mbele yake. Akatafuta njia ya heshima. Akakumbusha kwamba Kelvin mwenyewe aliwahi kusema hesabu yake inasimama iwapo tu hakitagunduliwa chanzo kipya cha joto. Mzee akafurahi.

Na Rutherford hakuwa anampaka mafuta. Kweli ile makala ya 1862 ilikuwa na tahadhari: isipokuwa kama kuna vyanzo tusivyovijua. Kijana wa miaka 37 aliuacha mlango wazi. Mzee mwenye sifa ndiye aliyeufunga, na hadharani hakuwahi kuufungua mpaka alipofariki Desemba 1907. Alizikwa Westminster Abbey, karibu na Newton.

Leo tunajua jua linaunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli, na mafuta yake yatafika miaka bilioni tano hivi. Dunia ina miaka bilioni 4.5. Ila kile kifo cha joto cha ulimwengu hakijafutwa. Mpaka sasa kimo kati ya majibu yanayopewa uzito zaidi. Kwa hiyo mzee hakukosea kwamba chai inapoa. Alikosea kudhani anajua kila kilichomo kikombeni.

Nikarudi chumbani nikaitoa ile karatasi yangu. Kujumlisha kulikuwa sawa, kugawanya sawa. Halafu nikaona nilichofanya: kwenye zile sapu tatu nilikuwa nimejiwekea sifuri. Mitihani ambayo nilikuwa hata sijaifanya! Hofu yangu nilikuwa nimeiandika kama takwimu. Nikafungua begi, nikabaki kusoma. Nilifaulu mbili, ya tatu nikaibeba mwaka uliofuata. Haikuwa miujiza, na wastani wangu mpaka leo si wa kujivunia. Lakini nipo, naandika hapa.

Jambo moja la mwisho kuhusu mzee. Alistaafu mwaka 1899, akiwa na miaka 75. Badala ya kwenda kupumzika, akajiandikisha upya Glasgow, safari hii kama mwanafunzi wa utafiti. Lord mzima, kwenye orodha ileile aliyoingia akiwa na miaka kumi. Siku hizi nikipiga hesabu ya jambo lolote la kutisha, chini yake naacha mstari mmoja mtupu, wa yale nisiyoyajua.