Auguste Verneuil, mtu aliyeteremsha yakuti kutoka ndani ya moto

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wa kitivo, mniruhusu nianze na jambo la nyumbani kabla sijafika kwa mtu ninayetaka kuwasimulia.

Mwanzoni mwa mwaka wangu wa pili, minervali ilikuwa imekosekana. Mama mkubwa alivua pete yake na kunipa. Ilikuwa pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu katikati, aliyoirithi kwa mama mkwe wake. Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba jiwe lile ndilo mali kubwa kuliko zote za ukoo wetu. Tulikwenda pamoja kwa fundi mmoja wa dhahabu pale Bukavu. Fundi aliisugua pete kwenye jiwe jeusi, akatonesha asidi juu ya alama iliyobaki, akatuambia kwamba dhahabu ni ya kweli, karati 18, maana yake sehemu 18 za dhahabu katika kila sehemu 24. Kisha akaweka kioo cha kukuzia jichoni na kulitazama jiwe kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema kwamba jiwe si la ardhini, ni la kiwandani, na kwamba hatalilipia kitu.

Mama mkubwa hakujibu. Mimi niliona haya kwa niaba yake. Na fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinipa kile kioo nitazame mwenyewe. Ndani ya wekundu ule niliona mistari myembamba iliyopinda, kama ile ya sahani ya muziki wa zamani, na vipovu vidogo vya hewa. Alinieleza kwamba katika yakuti ya ardhini mistari ya ukuaji hunyooka na kukutana kwa pembe, haipindi. Mistari iliyopinda ni alama ya njia moja hasa, na njia hiyo ina jina la mtu: Verneuil.

Ndivyo nilivyokutana na jina hilo. Nilipoanza kutafuta habari zake, nilidhani ninamtafuta mdanganyifu. Nilimkuta mtu mwingine kabisa.

Auguste Victor Louis Verneuil alizaliwa tarehe 3 Novemba 1856 huko Dunkerque, mji wa bandari kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa saa. Jambo hili si dogo. Tangu mwanzo wa karne ya 18, mafundi wa saa walikuwa wakitumia vipande vidogo vya yakuti iliyotobolewa ili ncha za magurudumu ya saa zizunguke ndani yake bila kuliwa, kwa sababu yakuti ni ngumu sana: kati ya vito vya ardhini vinavyojulikana sana, almasi ndiyo inayoipita. Kwa hiyo katika karakana ya fundi wa saa, yakuti haikuwa pambo tu. Ilikuwa pia kifaa cha kazi.

Alipokuwa na umri wa miaka 17, mkemia mkubwa wa Paris, Edmond Frémy, alimchukua kuwa msaidizi wake katika maabara. Kijana alifanya kazi mchana na kusoma kwa wakati uliobaki, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akapata udaktari mwaka 1886. Aliendelea kufundisha kwenye Jumba la Taifa la Historia ya Viumbe huko Paris, pale pale alipokuwa mwalimu wake. Wale kati yetu wanaofanya vibarua ili walipe masomo watamwelewa bila maelezo marefu.

Frémy alikuwa na ndoto moja: kuitengeneza yakuti kwa mikono ya binadamu. Wakati huo wakemia walikwisha kujua kwamba yakuti haina kitu cha ajabu ndani yake. Ni oksidi ya aluminiamu, aina ya kitu kilichomo katika udongo mwingi tunaoukanyaga, ikiwa imeganda kwa mpango wa fuwele na kuchanganyika na kromu kidogo. Kromu hiyo ndiyo inayoipa wekundu. Mwaka 1877 Frémy na mwenzake Feil walitangaza kwamba wamepata fuwele nyekundu kwa kuyeyusha kemikali katika chungu kwa siku nyingi. Verneuil alipoungana na mwalimu wake katika kazi hiyo, fuwele zilitoka safi zaidi, lakini zilibaki ndogo na nyembamba kama maganda. Mwaka 1891 Frémy alichapisha kitabu juu ya kazi yao. Miaka mitatu baadaye alifariki.

Katikati ya kazi hiyo palitokea kisa kilichobadilisha njia ya Verneuil. Karibu mwaka 1885, yakuti nyekundu nzuri ziliingia sokoni kutoka upande wa Geneva, zikauzwa kama mawe ya ardhini. Baadaye wataalamu waliona vipovu ndani yake, na wafanyabiashara wa vito wa Paris wakaamua kwamba mawe hayo yauzwe kwa kutajwa wazi kuwa ni ya kutengenezwa. Wengi waliishia kwenye hasira ya kudanganywa. Verneuil yeye aliyachunguza. Alielewa kwamba mawe yale yalitokana na moto mkali wa moja kwa moja, si na chungu, na kwamba njia ya kupata jiwe kubwa ilikuwa hapo.

Njia aliyoijenga ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Juu kabisa kuna kikapu chenye unga mweupe laini wa oksidi ya aluminiamu, uliochanganywa na kromu kidogo. Kinyundo kidogo kinagonga kikapu, tik, tik, tik, na kila pigo linaangusha unga kidogo. Unga unashuka pamoja na oksijeni, unapita katikati ya muwako wa oksijeni na hidrojeni wenye joto la zaidi ya nyuzi 2000, unayeyuka, na kutua juu ya kijiti cha udongo wa kauri. Kwanza pale juu ya kijiti panaota shina jembamba. Kisha shina linapanuka, tabaka juu ya tabaka, hadi linakuwa kama tunda dogo jekundu lililosimama kichwa chini. Kijiti kinateremshwa polepole ili kichwa cha jiwe kibaki daima katika joto lile lile. Katika saa mbili hivi Verneuil alipata jiwe la karati 12 hadi 15 za uzito wa vito, yaani karibu gramu 3.

Siri yake haikuwa moto peke yake. Aligundua kwamba unga lazima uwe safi kabisa, kwamba jiwe lazima likue kutoka chini kwenda juu kwa tabaka nyembamba, na kwamba lazima liguse kijiti kwa sehemu ndogo sana, ama sivyo litapasuka likipoa. Hata hivyo jiwe lililokamilika lina mkazo mwingi ndani yake, na mara nyingi hupasuliwa vipande viwili kwa urefu ili lipumzike kabla ya kuchongwa. Tabaka hizo zilizolala moja juu ya nyingine kwenye kichwa cha mviringo ndizo mistari iliyopinda niliyoiona kwenye pete ya mama mkubwa.

Mwaka 1891, na tena mwaka 1892, Verneuil aliweka bahasha zilizofungwa kwa lakiri katika Akademia ya Sayansi ya Paris. Desturi hiyo ilimwezesha mtafiti kuthibitisha tarehe ya ugunduzi wake bila kuutangaza. Kisha alinyamaza kwa miaka kumi. Wakati huo alifanya kazi nyingine: alichunguza metali adimu pamoja na Grégoire Wyrouboff, na pia unga unaong'aa gizani. Mwaka 1902 alitangaza matokeo ya yakuti, na mwaka 1904 alichapisha maelezo kamili, na michoro ya chombo, kiasi kwamba fundi mwenye subira angeweza kukijenga. Bahasha zenyewe zilifunguliwa mwaka 1910.

Hapo ndipo nilipoacha kumwita mdanganyifu. Mdanganyifu huficha njia yake na kubadilisha jina la kitu. Huyu aliionyesha njia na kukiita kitu kwa jina lake. Uongo, pale ulipotokea, ulifanywa baadaye, na wauzaji walionyamaza mbele ya wanunuzi.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mwaka 1907 yakuti zilizotoka katika mioto ya aina hiyo zilifika kilo 1000 kwa mwaka, maana yake karati milioni 5. Verneuil hakutosheka na nyekundu. Alitaka kupata yakuti ya samawi, na mwanzoni alishindwa. Alipochunguza mawe ya buluu ya ardhini alikuta ndani yake chuma na titani, akaviongeza viwili hivyo kwenye unga, na rangi ikaja. Mwaka 1905 alikuwa amefanywa profesa wa kemia ya matumizi katika Conservatoire des Arts et Métiers huko Paris. Alifariki tarehe 27 Aprili 1913, akiwa na miaka 56.

Hakuona yaliyofuata. Mwaka 1914 Hrand Djevahirdjian alianzisha kiwanda huko Monthey, Uswisi, na mawe ya moto yakajaza saa za dunia nzima. Kazi ya mtoto ikarudi katika karakana ya baba. Katika miaka ya 1920 na 1930 masonara wa Ulaya walipanga yakuti ndogo za kutengenezwa, zilizochongwa mraba, hata kando ya almasi. Katika miaka ya 1940, platini ilipowekwa akiba kwa ajili ya vita, walirudi kwenye dhahabu, mara nyingi ile yenye shaba nyingi na rangi ya waridi, na wekundu wa yakuti ulipatana nayo vizuri sana. Ndiyo sababu pete na bangili nyingi za zamani zinazotafutwa leo kwa uzuri wake zina jiwe la Verneuil ndani ya dhahabu ya kweli. Na mwaka 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko Marekani, alitumia fimbo ya yakuti ya kutengenezwa.

Sasa nirudi kwenye kitivo chetu, maana hapa kuna swali la lugha. Neno yakuti limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho kililipata, kwa njia ndefu, kutoka Kigiriki. Wafaransa wanasema rubis, neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni wekundu tu. Kwa kuwa walifuata rangi, watu wa Ulaya waliita rubis mawe mengi yasiyo ndugu. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la Uingereza liliitwa hivyo kwa karne nyingi, kumbe ni spineli. Neno letu halikufuata rangi. Tunasema yakuti, na tunasema yakuti ya samawi, kana kwamba nyekundu na buluu ni watoto wa mama mmoja. Kemia imethibitisha kwamba ndivyo ilivyo, na Verneuil aliyatengeneza yote mawili kwa unga ule ule mweupe. Lugha ilitangulia maabara.

Lakini mahali pengine lugha yetu inatuangusha. Kioo chekundu tunakiita bandia. Jiwe la Verneuil nalo tunaliita bandia. Neno moja limebeba vitu viwili visivyofanana. Kioo kinaiga sura ya yakuti bila kuwa yakuti. Jiwe la Verneuil ni yakuti kwa umbo, kwa ugumu na kwa rangi. Halina tu safari ya mamilioni ya miaka chini ya ardhi, wala zile nyuzi nyembamba kama hariri zinazoonekana katika mawe ya Mogok huko Burma. Ni haki mnunuzi alilipe jiwe la ardhini bei kubwa zaidi, maana analipia uhaba na historia. Si haki kuliita jiwe lingine uongo. Mimi napendekeza tuseme yakuti ya maabara, na neno bandia tukiachie kioo.

Mwisho wa pete ulikuwa hivi. Fundi alinunua dhahabu peke yake. Alilichomoa jiwe kwa koleo, akatupa, kisha akaweka duara la pete kwenye kikombe cha kuyeyushia. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064. Katika dakika chache pete iliyovaliwa na wanawake wawili wa ukoo wetu ilikuwa tone la manjano lililochanganyika na vipande vya watu wengine. Minervali ikalipwa. Tulichokidhani cha milele kimepotea, na hakuna atakayekitambua tena. Jiwe la kiwandani, ambalo moto wa fundi yule usingeliyeyusha, mama mkubwa alilifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Nilipomaliza kusoma maisha ya Verneuil nilikwenda kumsimulia yote: mtoto wa fundi wa saa, kinyundo, unga mweupe, bahasha zenye lakiri. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama mtu yule alikuwa amejificha alipoyatengeneza mawe yake, nami nikamjibu kwamba aliiandika kazi yote na kuiweka mbele ya watu. Akafungua pindo la kitenge, akaniwekea jiwe kiganjani, na kuniagiza nilitafutie dhahabu nyingine siku nitakapomaliza masomo.