Fundi Aliyeitia Bastola Kufuli

Upanga una ala, jambia lina ala, na hata kisu cha jikoni, aliyelelewa vyema hampi mwenziwe ila kwa upande wa mpini. Silaha yenye makali hujulikana mara moja kama imefunikwa au iko wazi. Bastola si hivyo. Mauti yake yamo tumboni. Ndipo mafundi wakaitilia kifungo kidogo cha chuma ubavuni: kikipandishwa haifyatuki, kikishushwa iko tayari. Miongoni mwa wachukuao bastola kwa kujilinda, kifungo hicho kimezua ubishi usiokwisha. Wako wasemao kwamba kinaokoa roho, na wako wasemao kwamba kinaukawiza mkono saa ile ile ya kuhitajiwa. Katikati ya ubishi huo limesimama jina la mtu mmoja, John Moses Browning wa Marekani.

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, magharibi ya Marekani. Babake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki na mfuasi wa madhehebu ya Mormon, mwenye wake watatu na watoto 22. Kijana John alikulia karakanani kati ya patasi na tupa, na angali mtoto aliunda bunduki kwa mabaki ya vyuma vya babake. Mwaka 1879, mwaka ule ule aliofariki mzee huyo, John alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, ya bunduki ya risasi moja moja. Kampuni ya Winchester iliinunua mwaka 1883 kwa dola 8,000. Hadi kufa kwake alikuwa amejipatia hati 128.

Lililomtukuza zaidi ni jambo ambalo wengine walilitazama wasilione. Mwaka 1889 aliona jinsi majani yanavyolazwa na pumzi itokayo mtutuni kila risasi inapolia. Akatambua kwamba hiyo ni nguvu inayopotea bure, nayo ingeweza kuifanya bunduki itoe ganda na kujijaza risasi nyingine yenyewe. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa bunduki yake ya rasharasha, na baadaye bastola zake zinazojijaza.

Hapo ndipo lilipoanza suala la kufuli. Bastola ya zamani ya magurudumu ilitaka mvuto mzito wa kidole, na uzito huo wenyewe ulikuwa kinga. Bastola mpya ilibaki imetegwa baada ya kila risasi, na mguso mdogo tu watosha kuifyatua. Browning hakuwa na jibu moja. Bastola yake iliyoundwa na kampuni ya FN huko Herstal, karibu na Liège nchini Ubelgiji, mwaka 1900, ilikuwa na kifungo cha kusukumwa kwa dole gumba. Ile ya kampuni ya Colt ya mwaka huo huo ilitumia shabaha ya nyuma kuwa ndiyo kizuizi. Bastola ya kijeshi ya Colt ya mwaka 1902 haikuwa na kizuizi chochote. Katika bastola ndogo za mfukoni zilizofuata alitia kibao nyuma ya mpini: mkono ukiushika mpini sawasawa, kibao hubonyea na bastola ikafunguka, mkono ukiachia, ikajifunga.

Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa likipigana katika visiwa vya Ufilipino. Kusini mwa visiwa hivyo, Waislamu wa Moro walikataa kutawaliwa, wakakabili bunduki kwa majambia yao. Maofisa wa Kimarekani walilalamika kwamba risasi za bastola zao hazikuwasimamisha wapiganaji hao. Mwaka 1904 wataalamu wa jeshi walifanya majaribio juu ya ng'ombe wa machinjioni Chicago na juu ya maiti za watu, wakashauri risasi kubwa zaidi. Machi 1906, juu ya mlima Bud Dajo katika kisiwa cha Jolo, mamia ya Wamoro waliuawa, wanawake na watoto wakiwamo. Haifai msomaji asahau kwamba bastola mashuhuri kuliko zote duniani ilitakiwa kwanza kwa ajili ya vifua vya watu hao.

Browning aliiunda. Mfano wa mwaka 1910 ulikuwa na kibao cha mpini tu. Askari wa farasi wakataka zaidi. Mtu aliye juu ya farasi, mkono mmoja umeshika hatamu, atafanyaje na bastola iliyotegwa farasi akishtuka? Hawezi kuitegua kwa mikono miwili. Basi Browning akaongeza kifungo cha dole gumba. Machi 1911 bastola hiyo ilipigishwa risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, na tarehe 29 mwezi huo ikakubaliwa. Ililitumikia jeshi la Marekani hadi mwaka 1985.

Hivyo kifungo ambacho leo hubishaniwa na watu waendao kwa miguu na magari, asili yake ni haja ya mpanda farasi.

Kule Ubelgiji FN ilitoa bastola yake nyingine ya mwaka 1910, yenye vizuizi vitatu: cha dole gumba, cha mpini, na cha kuizuia isilie kasha la risasi likitolewa. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alitumia bastola ya aina hiyo kumwua Mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria na mkewe Sophie. Moto uliowaka baada ya hapo ulifika hata pwani yetu, kwani Novemba mwaka huo huo watu walikuwa wakiuana Tanga. Vizuizi vitatu, na hakuna kilichozuia. Kufuli ya bastola huzuia ajali. Nia ya mtu haina kufuli ya chuma.

Browning alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Novemba 1926, huko huko kiwandani Herstal, akifanya kazi pamoja na mwanawe Val. Alikuwa na umri wa miaka 71. Mwili wake ulirejeshwa Ogden ukazikwa. Bastola aliyoiacha njiani ilikamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive mwaka 1935, nayo pia ikatiwa kifungo cha dole gumba.

Ubishi haukuzikwa naye. Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichukua bastola ya Gaston Glock isiyo na kifungo cha nje. Vizuizi vyake vyote hufunguka kwa kuvuta kifyatuo. Polisi wengi wa Marekani wakaipenda, kwa hoja kwamba mtu aliyeingiwa na fadhaa hakumbuki kifungo. Wapinzani wao hujibu kwamba fadhaa hiyo hiyo humfanya mtu aweke kidole pasipo mahali pake, na kwamba nguo iliyonasa au mtoto aliyeokota silaha hawana mafunzo. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya, iliyochaguliwa ilikuwa na kifungo.

Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: mwenye kifungo na ajizoeze mpaka dole gumba liende lenyewe, na asiye nacho akizuie kidole chake na asiichukue bastola bila ala inayofunika kifyatuo. Fundi wa Ogden aliweza kutia kibao, kifungo na chemchemi. Hadhari hakuweza kuitia ndani ya chuma. Hiyo aliwaachia wenye mikono.