Bibi Dian Fossey na Masokwe wa Milimani

Babu yangu wa Kwamsisi ni stadi wa kutega. Tangu utoto wangu nilifuatana naye porini alfajiri kuangalia mitego yake ya waya, na paa tuliyempata tulimla kwa furaha. Kwa hiyo niliposoma maisha ya Bibi Dian Fossey, mwanamke aliyewachukia watega mitego kupita kiasi, sikujua nisimame upande gani.

Bibi huyu alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1932. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu hospitalini. Mwaka 1963 alikopa fedha akaja Afrika ya Mashariki. Alipofika Olduvai, katika Tanganyika ya wakati ule, kumwona Dokta Louis Leakey, aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Mtu mwingine angalirudi kwao. Yeye alikwenda Kongo, akaupanda Mlima Mikeno akichechemea, hata akawaona masokwe wakubwa waitwao gorila.

Leakey alimtaka arudi kuwachunguza. Alianza Kongo mwezi Januari, 1967, lakini fujo za vita zikamtoa huko. Basi akahamia Rwanda, na tarehe 24 Septemba akapiga hema kati ya milima Karisimbi na Bisoke, kwenye baridi na matope, kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari. Kambi akaiita Karisoke.

Aliwaendea wanyama wale kwa kutambaa, akijikuna na kutafuna majani kama wao. Aliwatambua mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua. Mwaka 1970 dume mmoja, Peanuts, alinyosha mkono akamgusa.

Aliyempenda zaidi ni Digit. Siku ya mwisho ya mwaka 1977 majangili walimwua kwa mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Tangu hapo Bibi Fossey alikuwa kama mtu aliye vitani. Alivunja mitego, akawakamata watu na kuwaadhibu mwenyewe. Hapo mimi sikubaliani naye, maana wengi wao walitega paa wa kula, kama babu. Lakini waya hauchagui: sokwe mchanga akinaswa mkono, huoza.

Bibi Fossey aliuawa kwa panga nyumbani mwake Desemba, 1985, akazikwa karibu na Digit. Siku zile masokwe wa milima ya Virunga walikuwa kama 250 tu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilipita 600. Wageni hupanda kuwaona kwa saa moja tu, na Rwanda mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 1,500.

Likizo iliyopita nilimsimulia babu habari za mkono ule wa sokwe. Alinyamaza kimya, akaniuliza kama mtoto yule alipona. Nikamwambia wengine hufa. Asubuhi tulikwenda porini kama desturi. Mitego ilikuwa tisa. Tulirudi na waya wa mitego minne, naye akaufungia ua wa mbuzi.