Carothers: mtu wa nailoni aliyejiona ameshindwa

Juzi nilikuwa kwa fundi akifungua beringi ya mota. Gololi ni za chuma, ila kile kiringi kinachozishika zisigusane ni cha plastiki! Nikashangaa, plastiki ndani ya mafuta ya moto? Fundi akacheka, kumbe ni nailoni. Nikaingia kumtafuta aliyeitengeneza.

Anaitwa Wallace Carothers, Mmarekani, kazaliwa 1896 Burlington, Iowa. Alipata udaktari wa kemia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1924, akafundisha Harvard, na 1928 kampuni ya DuPont ikamchukua kwenye maabara yake ya Wilmington, Delaware.

Enzi hizo wakemia wengi walikuwa bado wanabisha kwamba molekuli inaweza kuwa mnyororo mrefu sana. Jamaa akaamua kuijenga mwenyewe, pingili kwa pingili. 1930 timu yake ikapata mpira wa neoprini. Tarehe 28 Februari 1935 ikaja nailoni 66. Hizo sita mbili ni hesabu ya atomi za kaboni katika kila moja ya kemikali mbili zinazounganishwa.

Nailoni hii inayeyuka kwenye nyuzijoto kama 260, ni ngumu kulika, na oili haiiharibu kirahisi. Ikichanganywa na nyuzi za kioo ndiyo inashika gololi kwenye beringi nyingi za mota na giaboksi. Mafuta yakipungua kidogo, haisagani kama chuma kwa chuma. Ila ikikaa muda mrefu kwenye joto la kupita 120 hivi inachoka, hapo inabidi plastiki ghali zaidi kama PEEK.

Sasa sikia upande wa pili. Carothers aliugua sonona miaka mingi. 1936 alioa, akachaguliwa kwenye akademia ya sayansi ya Marekani, lakini bado alijiona kaishiwa. Januari 1937 dada yake Isobel akafariki. Tarehe 29 Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, akajiua huko Philadelphia. Binti yake alizaliwa Novemba, hakumwona. Nailoni ilitangazwa 1938, na 1940 kina mama wakagombania soksi zake madukani. Hakuona hata moja.

Wadau, beringi ikianza kulia tunazima mashine. Mtu akinyamaza tunamwambia ajikaze! Kama unaye wa hivyo nyumbani, kaa naye, mpeleke hospitali mapema. Nawakilisha, naomba maoni yenu.